Kumsomesha Mwanafunzi Mpalestina kwa Sharti la Kujitolea: Mwongozo kwa Kamati za Michango

Tangu Oktoba 2023 michango kwa ajili ya Palestina imekusanywa misikitini, makanisani na kwenye vikundi vya WhatsApp vya Waswahili walio nyumbani na walio ughaibuni. Sehemu kubwa imekwenda kwenye chakula, mahema na dawa, na ndivyo ilivyostahili. Sasa zipo kamati zinazotaka kufanya jambo la muda mrefu: kumchukua mwanafunzi mmoja au wawili, kuwalipia chuo kikuu mpaka wahitimu, na kuwataka wao nao waitumikie jamii yao kwa saa kadhaa kila mwaka. Mwongozo huu ni wa kamati hizo.

Kulipa ada ndiyo kazi nyepesi. Sharti la kujitolea ndilo linalotengeneza au kuharibu mpango mzima. Likiandikwa vibaya, linamfanya mwanafunzi kuwa mdeni anayefanya kazi ili wafadhili waridhike, na siku barabara ikifungwa anaonekana kavunja mkataba. Likiandikwa vizuri, linampa nafasi ya kufanya jambo ambalo angelifanya hata bila nyinyi, na linampa karatasi ya kulithibitisha. Hatua zote zinazofuata zinaelekea huko.

Hatua ya kwanza: jueni mnakoingia

Kujitolea hakukupelekwa Palestina na wafadhili. Birzeit, chuo kilichoko kaskazini ya Ramallah, ilianzisha mpango wake wa kazi za kujitolea mwaka 1972, kabla hata haijawa chuo kikuu kamili, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale hahitimu bila kutimiza saa 120 za kuitumikia jamii. Wanafunzi wamekuwa wakienda vijijini kusaidia mavuno ya zeituni, kazi ya Oktoba na Novemba inayotaka mikono mingi kwa wakati mmoja. Nyuma ya hayo kuna desturi ya wakulima iitwayo al-ouna, ambapo majirani humsaidia mwenzao kuvuna au kujenga bila ujira. Mtu wa Upareni angeiona tu akasema huu ni msaragambo. Jeshi la Israeli lilipokifunga chuo hicho kuanzia Januari 1988 hadi 1992, walimu na wanafunzi walihamishia masomo majumbani mwa watu.

Kwa hiyo isiandikwe barua inayosema kamati inataka "kuwajengea vijana moyo wa kujitolea". Moyo huo wanao, na pengine wana wa kutugawia.

Sisi wenyewe tuna somo la karibu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga utaratibu wa kuwalazimisha wasomi kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ulikuwa unawakata sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Watu bado wanabishana nani alikuwa na haki. Kwa kamati, la kuzingatia ni kwamba vijana wale walilipokea jambo hilo kama makato na adhabu, na likishapokelewa hivyo, hotuba hailiokoi. Huduma ambayo mhudumu hakushiriki kuipanga huonekana kama kodi.

Hatua ya pili: amueni mwanafunzi yuko wapi

Ukisema "mwanafunzi Mpalestina" hujasema bado. Hali ya kijana wa Nablus, Ukingo wa Magharibi, si ya kijana wa Khan Younis, Gaza, na hizo zote mbili si za kijana aliyezaliwa kambi ya Ain al-Hilweh huko Lebanon. Sharti la kujitolea lazima litokane na mahali.

Ukingo wa Magharibi ndiko kunakofaa zaidi kwa kamati inayoanza. Vyuo ni vingi: An-Najah kilichoko Nablus, Birzeit, Chuo Kikuu cha Bethlehem, Chuo Kikuu cha Hebron na Palestine Polytechnic katika mji huohuo, Al-Quds kilichoko Abu Dis, Arab American cha upande wa Jenin, pamoja na Al-Quds Open chenye matawi miji mingi, ambacho huwafaa wanaofanya kazi huku wakisoma. Tatizo kubwa ni njia. Anayetoka Bethlehem au Hebron kwenda Birzeit hupita kituo cha ukaguzi kiitwacho Container, kwenye barabara ya Wadi al-Nar, na kikifungwa hakuna wa kumwambia kitafunguliwa saa ngapi. Tangu operesheni ya jeshi iliyoanza Januari 2025, wakazi wa kambi za Jenin, Tulkarm na Nur Shams walilazimishwa kuhama kwa maelfu. Mwanafunzi anaweza kuwa na anwani ya kambi kwenye karatasi, na usiku akalala sebuleni kwa shangazi yake.

Gaza, majengo ya vyuo yameharibiwa vibaya au kubomolewa kabisa. Chuo Kikuu cha Al-Israa kililipuliwa Januari 2024 baada ya jeshi kukikalia. Masomo mengi yalihamia mtandaoni, na vyuo vya Ukingo wa Magharibi vikawapokea wanafunzi wa Gaza kama wanafunzi wageni kwa njia hiyo. Waliopaswa kufanya tawjihi, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2024 wakiwa ndani ya Gaza waliusubiri mpaka 2025 na wakaufanya kwa mtandao. Mkiona pengo la mwaka mzima kwenye cheti cha mtu wa Gaza, msimwombe maelezo. Wala msimwahidi mtu kumtoa Gaza. Kivuko cha Rafah, kati ya Gaza na Misri, hakiko mikononi mwenu wala mwake, na ahadi ya namna hiyo huvunja moyo kuliko kukosa fedha.

Lebanon na Yordani zina mitego yake. Mkimbizi wa Kipalestina nchini Lebanon hufungiwa taaluma nyingi zenye vyama vyake, kama udaktari, uanasheria na uhandisi, kwa hiyo kabla ya kumlipia shahada muulizeni ataitumia wapi. Mara nyingi ameshalifikiria kwa undani. Yordani, Wapalestina wengi ni raia, ila waliotoka Gaza mwaka 1967, baadhi yao wakiishi kambi ya Jerash ambayo wenyeji huiita kambi ya Gaza, hawana uraia na kwenye vyuo vya serikali hutozwa kama wageni. Kijana wa Jerash ni miongoni mwa wanaosahaulika zaidi na wafadhili. Kama kamati yenu ina mtu anayeifahamu Amman, angalieni huko.

Hatua ya tatu: pigeni hesabu kwa dinari

Palestina haina sarafu yake. Nauli na mkate hulipwa kwa shekeli, vyuo vingi hutoza ada kwa dinari ya Yordani, na fedha zinazotoka nje huingia zaidi kwa dola. Ada huhesabiwa kwa krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila somo. Tuseme krediti moja ni dinari 40 na mwanafunzi amechukua krediti 15 kwa muhula: hiyo ni dinari 600. Dinari imefungwa kwa dola tangu miaka ya 1990, dinari moja kwa takriban dola 1.41, kwa hiyo muhula huo ni kama dola 846. Kinachopanda na kushuka ni shilingi yenu, si dinari yao. Wekeni akiba ya muhula mmoja mzima kwa dola kabla ya kumwambia mtu amepata ufadhili.

Ada peke yake haitoshi. Ongezeni nauli, vitabu, na kwa wa Gaza bando la intaneti na gharama ya kuchaji simu. Kisha ongezeni kitu ambacho bajeti nyingi hukisahau: gharama ya huko kujitolea. Kijana akitakiwa kwenda kijijini kufundisha kila Jumamosi, teksi ya abiria ya kwenda na kurudi inatoka mfukoni mwake. Kamati isipoilipa nauli ile, huduma inalipiwa na familia maskini kuliko wafadhili wote.

Hatua ya nne: angalieni fedha zenu zenyewe zina masharti gani

Kama sehemu ya mchango ni zaka, itengeni kwanza. Wanazuoni wengi husema zaka lazima imilikiwe na anayepewa, iwe yake kabisa. Kumwambia "ni yako ukifanya kazi saa 30" ni jambo la kuulizia masheikh wenu kabla, si baada. Njia salama ni kuliweka sharti la huduma kwenye fedha za sadaka ya kawaida au za wakfu, na kama mtatoa zaka kwa mwanafunzi huyohuyo, itoeni bila sharti na iandikwe mbali.

Upande wa sheria, changeni kupitia chombo kilichosajiliwa. Kenya, sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kutumika Mei 2024. Tanzania kuna usajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Mlioko Ulaya na Marekani mnajua mamlaka zenu. Akaunti ya mtu binafsi, hata awe mwadilifu kiasi gani, ni hatari kwake na kwa mwanafunzi, kwa sababu miamala ya kwenda Palestina hukaguliwa sana.

Hatua ya tano: mpateni mwanafunzi kupitia chuo

Jina lisitoke kwa binamu ya mtu wala kwenye mtandao wa kijamii. Andikeni kwa ofisi ya masuala ya wanafunzi ya chuo mlichokichagua, mueleze mna uwezo wa kumlipia nani na kwa miaka mingapi, na muombe wawapendekezee watatu au wanne. Ofisi hizo zina kazi ya kila siku ya kutafutia wanafunzi msaada wa ada, na zinazijua familia. Andikeni kwa Kiarabu. Katika kila mji wa Waswahili kuna aliyesoma Madina, Cairo au Khartoum. Huyo awe kwenye kamati tangu siku ya kwanza, asiitwe kutafsiri mwishoni.

Nyaraka za kuomba ni chache: matokeo ya tawjihi, barua ya chuo yenye namba ya mwanafunzi, kitambulisho, na maelezo mafupi ya hali ya kifedha ya nyumbani. Familia iliyosajiliwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, ina kadi yake, lakini kutokuwa nayo si dalili ya kujiweza; vijiji vingi vya Ukingo wa Magharibi si vya wakimbizi na vina umaskini wake. Msiombe insha ya mateso. Kumtaka mtu aeleze aliyempoteza ili mumlinganishe na mwingine ni jambo la kuumiza, na halisaidii kuchagua.

Badala yake ulizeni maswali mawili. La kwanza: ni kazi gani ya jamii unayoifanya sasa, au uliwahi kuifanya? La pili: kama ungekuwa na saa mbili kwa wiki na nauli, ungemsaidia nani, na wapi? Majibu ya swali la pili ndiyo yatakayoandika sharti lenu. Mmoja atasema mdogo wake na wenzake wanne hawajashika daftari tangu shule ifungwe na angependa kuwafundisha hesabu. Mwingine atasema ana mafunzo ya huduma ya kwanza na huwa anajitolea Hilali Nyekundu. Mwingine atasema hana nafasi kabisa, kwa kuwa anamuuguza baba yake. Huyo wa tatu msimkate. Soma hatua inayofuata.

Hatua ya sita: andikeni sharti lenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda, na mwanafunzi awepo kwenye mazungumzo kabla maneno hayajaandikwa.

Kiasi kwanza. Saa 30 kwa mwaka wa masomo zinatosha. Ni kama saa mbili kwa wiki ndani ya muhula mmoja, na kwa miaka minne zinafika 120, kiwango kilekile cha Birzeit. Kama chuo chake tayari kinadai saa za kujitolea, saa hizo ndizo zenu. Msimpe fungu la pili juu yake. Nimeona mapendekezo ya saa kumi kwa wiki. Mwanafunzi wa uuguzi mwenye mazoezi ya hospitali hawezi, atafeli, na mtakuwa mmemlipia kufeli.

Aina ya huduma inafuata. Bora ni ile inayokaa karibu na anachosoma na karibu na anakolala. Mwanafunzi wa ualimu afundishe watoto wa mtaa, hasa kabla ya Juni, wakati watahiniwa wa tawjihi wanahangaika. Wa sheria asaidie watu kujaza fomu. Wa uhandisi apite na mafundi kukagua nyumba zenye nyufa. Msimu wa zeituni, siku moja kamili shambani ihesabiwe saa saba au nane bila ubishi, maana ni kazi ngumu ya mikono na mashamba mengine yako karibu na makazi ya walowezi, ambako kwenda wengi ni usalama. Hata hivyo kamati isimwagize kwenda huko. Akienda, aende kwa uamuzi wake pamoja na wanakijiji na chuo.

Kuuguza mzazi, kulea wadogo walioachwa yatima, kupanga foleni ya maji kwa ajili ya wazee wa hema la jirani: hesabuni. Najua wapo watakaosema hayo ni majukumu ya nyumbani na si huduma kwa jamii. Katika mahema ya Deir al-Balah, Gaza, nyumbani na jamii vimetenganishwa na turubai.

Na yapo ambayo hayahesabiwi kamwe, hata mwanafunzi akijitolea mwenyewe kuyafanya: kuzungumza kwenye hafla zenu za uchangishaji, kuwarekodia video za shukrani, kuwatafsiria matangazo, kuwafundisha wanakamati Kiarabu. Hiyo ni kuwatumikia wafadhili. Mkitaka awafundishe Kiarabu, mlipeni kama mwalimu.

Huu ni mfano wa vifungu. Vitafsiriwe kwa Kiarabu, na nakala ya Kiarabu ndiyo iwe ya kutegemewa, kwa sababu ndiyo anayoielewa anayebanwa nayo.

1. Kamati italipa ada ya muhula moja kwa moja kwa chuo, na nauli ya huduma kwa mwanafunzi.
2. Mwanafunzi atatoa saa 30 za huduma kwa jamii kila mwaka wa masomo, kwa kazi aliyoichagua mwenyewe na kukubaliwa na msimamizi aliyeko hapohapo.
3. Saa ambazo chuo kinazidai kwa ajili ya kuhitimu zinahesabiwa humu.
4. Saa zilizozidi zinahamia mwaka unaofuata. Zilizopungua kwa ugonjwa, mtihani, kufungwa kwa barabara, mashambulizi, kuhamishwa, kukamatwa au msiba zinafutwa, hazidaiwi.
5. Kukosa saa hakusimamishi ada ya muhula ulioanza.
6. Kamati haitadai kurejeshewa fedha kwa sababu ya huduma.
7. Jina, picha na mahali alipo mwanafunzi havitachapishwa.
8. Mwanafunzi anaweza kubadilisha kazi yake ya kujitolea kwa kumjulisha msimamizi.

Kifungu cha sita huwashtua waweka hazina. Wanauliza, sasa sharti lina nguvu gani? Nguvu yake ni kwamba mwanafunzi aliyechagua kazi mwenyewe, mtaani kwake, mbele ya watu wanaomjua, huifanya. Asiyeifanya bila sababu mtamwona mapema kwenye daftari, mtazungumza naye, na mnaweza kuamua kutomwongezea mwaka. Kumdai fedha kijana ambaye nyumba yake imebomolewa hakuna mahakama wala dini itakayowaunga mkono.

Hatua ya saba: daftari la saa

Msibuni mfumo wa kompyuta. Mtandao wa simu Gaza umebanwa kwenye kizazi cha pili, 2G. Picha moja nzito inaweza kuchukua asubuhi nzima. Karatasi moja kwa mwezi inatosha, au ujumbe wa maandishi wenye mistari minne: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kazi, na nani alisimamia. Kwa mfano: "Jumamosi, 10:00 hadi 12:00, nimefundisha hesabu watoto wa darasa la tano, msimamizi mwalimu wa maktaba." Andikeni saa kwa tarakimu za mtindo wao. Saa nne yetu ya asubuhi kwao ni saa kumi, na mkichanganya hapo hesabu nzima ya mwaka itakuwa vurugu.

Uthibitisho uwe sahihi ya msimamizi, na muhuri kama taasisi inao. Msimamizi anaweza kuwa mwalimu, muuguzi mkuu wa zahanati, katibu wa baraza la kijiji, imamu au padri. Picha za watoto wanaofundishwa zisidaiwe. Mwanakamati mmoja tu awe anawasiliana na mwanafunzi, mara moja kwa mwezi, na salamu ianze kwa kumjulia hali yeye na wa nyumbani kwake kabla ya kuuliza saa. Kama hajajibu, subirini. Umeme unaweza kuwa umekatika, au simu imekwenda kuchajiwa kwa jirani mwenye sola.

Hatua ya nane: kulipa

Ada iende kwenye akaunti ya chuo kwa uhamisho wa benki, kwa jina la chuo kama lilivyoandikwa kwenye hati yake ya malipo, pamoja na namba ya mwanafunzi na muhula. Kabla ya malipo ya kwanza, nendeni benki na barua ya chuo, mkataba na kumbukumbu za kikao mkononi, mueleze mnachotaka kufanya. Afisa aliyeelezwa mapema huwa msaada. Aliyeshtukizwa huzuia muamala. Linganisheni majina yote na orodha za vikwazo za nchi mliyopo, na muweke kumbukumbu kwamba mlifanya hivyo. Msitume kwa mkono wa msafiri. Tumeni wiki tatu au nne kabla ya mwisho wa kujiandikisha, kwa sababu benki za kati huuliza maswali na siku zinakwenda. Chuo kikishapokea, ombeni stakabadhi, na nakala apewe mwanafunzi ili asije kuzuiliwa mlangoni kwa deni ambalo halipo.

Fedha za nauli ndizo ngumu, hasa Gaza, ambako noti ni haba na wanaotoa fedha taslimu hukata kamisheni kubwa mno. Muulizeni mwanafunzi njia anayoitumia sasa na ni kiasi gani kinachofika mkononi. Kama nusu inaliwa njiani, bando la intaneti lililolipiwa moja kwa moja linaweza kumfaa zaidi.

Hatua ya tisa: mambo yakiharibika

Yataharibika, na uamuzi wa kamati uwe umeshaandikwa kabla. Mwanafunzi akikamatwa, ufadhili wake usimame bila kufutwa. Wanafunzi wengi wa Ukingo wa Magharibi wameshikiliwa katika kizuizi cha kiutawala, bila kufunguliwa mashtaka, kwa amri ya miezi sita inayoweza kuongezwa tena na tena. Nafasi yake ingojee, na ada ya muhula uliopotea ihamishiwe muhula atakaorudi. Ulizeni chuo, ni jambo wanalolijua. Akihama chuo au mji, mkataba unamfuata. Akiacha masomo kwa sababu familia imebaki bila wa kuilisha, mlango uwe wazi kwa muda mliokubaliana, angalau miaka miwili.

Kwa usalama wake, kamati isimwulize anaunga mkono chama gani na isimwagize kunyamaza wala kusema. Barua zote zinazotumwa ziandikwe mkijua kwamba simu yake inaweza kufunguliwa na askari kwenye kituo cha ukaguzi. Hii pia ndiyo sababu ya kutochapisha jina lake. Wachangiaji wenu wana haki ya kujua fedha zilikwenda wapi: waonyesheni stakabadhi ya chuo iliyofichwa jina, kozi anayosoma, mwaka aliofikia na jumla ya saa alizotoa. Anayesema hatachanga mpaka aone uso wa mtoto wa watu, mwacheni na fedha zake.

Hatua ya kumi: barua ya kumaliza

Mwanafunzi akikaribia kuhitimu, kusanyeni makaratasi yote ya saa na muandike barua moja kwa Kiarabu na Kiingereza: jumla ya saa, tarehe za kuanza na kumaliza, aina ya kazi, mahali, na cheo cha kila msimamizi. Isiwe barua ya sifa tupu. Ina kazi mbele yake. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. British Council nayo ina mpango wa HESPAL unaowapeleka Wapalestina kusoma Uingereza ili warudi kufundisha kwenye vyuo vya kwao. Saa 120 hazijazi sharti la Chevening, lakini zikiwa na tarehe na sahihi ni ushahidi, na zisizo na karatasi ni maneno matupu mbele ya jopo la usaili.

Mpeni nakala tatu za karatasi na moja ya kidijitali, maana karatasi hupotea nyumba inapohamwa ghafla. Kamati nayo ibaki na nakala yake kabatini, pamoja na jina la mtu mmoja atakayejibu simu ya chuo au ubalozi miaka mitano baadaye ukiuliza kama barua ile ni ya kweli.